Kutoka Burnt Forest hadi Ahero: panga safari kwa mteremko

Nimezaliwa Burnt Forest, nikaolewa Ahero, na naishi Nakuru. Kila Desemba naendesha Probox yetu kuukuu kutoka kwa wazazi wangu, wakulima wa viazi, hadi kwa wakwe zangu, wakulima wa mpunga. Huu ni mwaka wa tisa. Watu huniuliza ni kilomita ngapi, na mimi huwaambia kilomita si hoja. Jiulize unateremkia wapi, na utakuwa wapi mvua ikianza.

Timboroa, njiani kutoka Nakuru kwenda Burnt Forest, iko kwenye mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kisumu, jirani na Ahero, iko kwenye mita 1,131. Tofauti hiyo lazima uiteremke mahali fulani, na mahali penyewe unachagua wewe. Ukitoka Nakuru, njia ya haraka ni kuiacha barabara ya Eldoret pale Mau Summit, ushike ya Kericho hadi Awasi. Ni nzuri, ila malori ni mengi. Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likaua zaidi ya watu 50, wengi wao wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Tangu siku hiyo sinunui karoti chini ya mteremko wowote, hata ziwe za bure. Nasimama mahali tambarare, mbali na lami.

Sisi kwa sababu ya mama tunazungukia juu: Nakuru, Timboroa, tunalala Burnt Forest, halafu Eldoret, Kapsabet, Nandi Hills, Chemelil, Awasi, Ahero. Siku ya kupanda haina mengi. Sweta ziwe karibu na mkono, taa ziwake kwenye ukungu wa Timboroa, na mafuta ujaze mjini.

Siku ya kuteremka ndiyo ya kukalia na kalamu. Jua likishapiga, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda vilima vya Nandi na Kericho, ikifika juu inageuka mawingu, na alasiri unasikia ngurumo, wakati mwingine mvua ya mawe. Kwa hiyo mimi huhesabu kinyumenyume. Nataka niwe Chemelil saa saba mchana. Basi Nandi Hills nipite saa tano na nusu, Kapsabet saa nne na nusu, Eldoret saa tatu, na kwa mama niondoke saa mbili kamili. Mama atataka mnywe chai mara ya pili na awafungie kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Usibishane naye, iandike nusu saa hiyo kwenye ratiba tangu mwanzo.

Sasa breki. Kutoka Nandi Hills hadi Chemelil unashuka zaidi ya mita 700, kona baada ya kona, chai kushoto na kulia, mashamba ya miwa yakionekana mbali chini. Mwaka wangu wa pili niliteremka gia ikiwa kwenye D, ile ya mwendo wa kawaida, na mguu juu ya breki muda wote. Katikati nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikakanyaga tena, pedali ikazama kama nimekanyaga godoro. Bahati nilikuwa polepole, nikalivuta gari pembeni, gurudumu la mbele likifuka moshi. Nilikuwa nimeshafungua chupa ya maji nimwagie, dereva wa lori la majani chai akapaza sauti: "Mama, hayo maji kunywa wewe! Ukimwagia diski ikiwa moto itapinda." Tulikaa dakika arobaini kwenye nyasi, watoto wakila viazi vya kuchemsha, mimi mikono ikitetemeka.

Basi fanya hivi. Gari la otomatiki liweke kwenye 2 au L, zile gia za chini, kabla ya mteremko kuanza, si baada ya mwendo kuchanganya. La gia za mkono, teremka kwa gia ambayo ungepandia kilima hicho hicho. Injini italia kidogo. Iache ilie, ndiyo inayokushikilia gari. Breki kanyaga kwa nguvu, punguza mwendo, achia kabisa ipate kupoa. Nyutro usiguse, hata ukiambiwa inaokoa mafuta. Na wiki moja kabla ya safari, mwambie fundi aangalie pedi na pia abadilishe mafuta ya breki kama yamepita miaka miwili. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, yakipata moto yanachemka upesi, na mvuke wake ndio ule uliolainisha pedali yangu.

Ukishafika Chemelil, kazi inageuka. Barabara imenyooka na mguu unataka kukimbia, lakini kuna matrekta ya miwa, mengine hayana taa nyuma. Sababu nyingine ya kutoingia huko giza likishashika. Ukisafiri Aprili au Mei, piga simu kwanza uulize hali ya mto Nyando, maana tambarare ya Kano ikifurika, barabara nayo inaguswa.

Vyandarua tunabeba vyetu, kila mtoto na chake. Watoto waliokulia baridini hawana uzoefu wa malaria, na mashamba ya mpunga yana mbu wa kutosha. Mtoto akipata homa, hata wiki mbili baada ya kurudi, mpeleke akapimwe na umwambie daktari mlikuwa wapi.

Mama mkwe nampigia simu nikiwa Awasi, ndipo aweke samaki mekoni. Mwaka mmoja nilimpigia nikiwa Kapsabet, na ugali nilioukuta ungeweza kuzuia gurudumu la gari.