Kivungulio cha Malindi Kisizibwe kwa Nailoni Pande Zote

Kosa ninalolikuta katika bustani za nyumbani, kuanzia Gede hadi Mambrui, ni lile lile: mtu ametumia akiba yake kununua nailoni, akajenga kivungulio kidogo, yaani banda la nailoni la kukuzia mimea, ili nyanya na pilipili hoho za nyumbani zisinunuliwe tena sokoni, kisha akakiziba kutoka paa hadi udongoni kama alivyoona katika picha za vivungulio vya Limuru. Kule bara kuta huzibwa ili joto lisitoroke usiku. Sisi joto tunalo la kutosha; tunachohitaji ni paa la kuzuia mvua, wavu wa kuzuia wadudu, na hewa inayopita mchana na usiku.

Mnyanya uliofungiwa hivyo husitawi majani na kutoa maua mengi, kisha maua hupukutika, kwa sababu joto likipita nyuzi 35 za Selsiasi chavua hudhoofika na ua halishiki tunda. Mkulima hukimbilia mbolea ya kunyunyizia majani, halafu dawa, halafu dawa nyingine, ilhali mmea hauna njaa wala ugonjwa. Tafadhali, kabla ya kununua chupa yoyote, tundika kipimajoto katikati ya kivungulio, kwenye kimo cha maua, ukikinge na jua, na ukisome saa nane mchana.

Kwa kivungulio cha mita 6 kwa 10, nguzo za pembeni ziwe mita 2.5 juu ya ardhi na mgongo wa paa usipungue mita 4. Wanaofupisha nguzo ili kuokoa miti ya mvinje huliteremsha joto hadi kwenye vichwa vya mimea. Kuta zote nne ziwe za wavu, isipokuwa sentimita 50 za chini, ambazo huwekwa nailoni ili mvua isirushe udongo kwenye majani. Kwenye mgongo wa paa acha mwanya wa sentimita 60, mita zote 10, uliozibwa kwa wavu ule ule. Kidirisha kimoja cha katikati hakitoshi! Mafundi hudai kwamba mwanya huo huvuja, lakini hauvuji kwa urahisi iwapo upande mmoja wa paa umeinuliwa na kuupita mwenzake, na mdomo ukaelekea magharibi.

Urefu wa kivungulio uende kaskazini hadi kusini, kwa kuwa kusi hutujia kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, hivyo ubavu mrefu unaotazama bahari hupokea pepo zote mbili. Nyumba au ua wa mawe usikae upande huo.

Aliyekwisha kuziba hana haja ya kubomoa. Akate nailoni ya mbavu mbili ndefu, kuanzia sentimita 50 juu ya ardhi hadi chini ya paa, na aweke wavu siku hiyo hiyo, maana inzi weupe hawangoji kesho. Mwanya wa paa ufuate. Ikiwa kipimajoto bado kinapita 35, atandaze wavu wa kivuli unaozuia asilimia 30 ya mwanga, sentimita 30 juu ya paa. Ule wa asilimia 70 hunyima nyanya mwanga.

Hata hivyo, ujenzi mzuri haumwokoi anayekosea majira. Sia mbegu mwanzoni mwa Aprili na uhamishe miche baada ya wiki nne, ili maua yatoke Juni, wakati kusi imepoza hewa. Anayehamisha Januari hupata maua Februari na Machi, miezi ya joto kali; miezi hiyo panda mchicha au bamia. Na kwa kuwa wavu huwazuia nyuki, tikisa kamba za minyanya kila siku kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, tangu ua la kwanza lifunguke. Vishada vya chini vikishika matunda, hewa inatosha.