Kidimbwi hai ndani ya nusu pipa: jua kwanza, samaki mwisho

Kidimbwi kidogo kwenye ploti ya Nairobi ni nadra kufa kwa njaa. Kwa kawaida hufa kwa kushiba. Mwenye nacho huwaona samaki wanne wakizungukazunguka, huwahurumia, huwatupia makombo ya ugali kila jioni, na baada ya wiki mbili maji yananuka na samaki wameelea tumbo juu. Chakula kile kiliingia kwenye maji yasiyo na uwezo wa kukimaliza. Hivyo mwongozo huu unaanza na jua na maji, na samaki watasubiri wiki sita.

Vipimo vyote hapa ni vya pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa katikati kwa upana. Unabaki na chombo chenye upana wa sentimita 57 hivi na kina cha sentimita 44, ujazo lita 100. Ukishaweka udongo na mimea, maji yenyewe ni kama lita 75.

Pipa na mahali pake

Tafuta pipa lililobeba chakula: juisi, mafuta ya kupikia, molasi. Lililobeba dawa za shamba au asidi liache hata ukipewa bure, kwa sababu plastiki imekwisha kunywa kemikali na itazitoa polepole. Kabla ya kulipa, omba maji ya moto, mimina lita mbili ndani, funika nusu saa, kisha funua unuse. Ukisikia harufu yoyote kali, mrudishie mwenyewe. Kata kwa msumeno wa chuma, kisha piga msasa ukingoni, maana plastiki iliyokatwa hukata vidole.

Wengine hukata pipa kwa urefu ili kupata uso mpana. Uso kweli huwa karibu mara mbili, na hewa huingia vizuri zaidi, lakini kina hubaki sentimita 28 tu. Maji hayo huchemka saa nane mchana Februari na kupoa kupita kiasi usiku wa Julai. Kwa hali ya hewa ya Nairobi, pipa la kusimama ni bora.

Liweke panapopata jua la asubuhi kwa saa tano au sita, na kivuli cha ukuta au mti alasiri. Kumbuka kwamba hapa jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini, hivyo kona yenye jua leo inaweza kuwa kivulini miezi sita ijayo. Pipa likijaa huzidi kilo 100: mahali pake ni chini, juu ya ardhi iliyosawazishwa. Kwenye ghorofa tumia ndoo ya lita 20 yenye mimea tu, bila samaki, lakini nayo inahitaji chandarua siku zote.

Kama kuna watoto wadogo kwenye ploti, funga wavu wa chuma juu ya pipa kabla ya tone la kwanza la maji kuingia. Mtoto huzama hata kwenye maji ya kina cha shubiri.

Jua linaleta kiasi gani

Chakula chote cha kidimbwi hutoka juani. Mwani, ule ukijani unaoota majini, na mimea hunasa sehemu ndogo tu ya mwanga unaoangukia maji, kwa kawaida chini ya asilimia 2, na kuugeuza kuwa majani. Anayekula majani hujenga mwilini mwake takriban sehemu moja kwa kumi ya alichokula. Kilichobaki huondoka kama joto, pumzi na mavi. Kwa makadirio hayo, gramu 100 za mwani hukuza gramu 10 za vijidudu, na gramu 10 za vijidudu hukuza gramu 1 ya samaki. Uso wa pipa lako ni robo tu ya mita ya mraba. Sasa unaona kwa nini samaki ishirini hawawezi kuishi humo kwa riziki ya kidimbwi chenyewe.

Maji yanayopotea hurudi na mvua. Virutubisho huzunguka kutoka jani hadi mdudu hadi tope na kurudi kwenye jani. Nishati haizunguki: ikishatoka kama joto imekwenda moja kwa moja, na lazima jua lilete nyingine kesho.

Maji

Maji ya mvua ndiyo bora. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, kwa hiyo mabati ya mita 10 za mraba na mvua ya milimita 20 hutoa karibu lita 200, ukitoa kidogo kinachomwagika. Lakini usichukue maji ya mwanzo. Baada ya kiangazi cha Januari na Februari paa limebeba vumbi, moshi wa magari na mavi ya ndege; mwaga lita 10 za kwanza kwa paa la ukubwa huo, kisha ndipo ukinge.

Maji ya mfereji yana klorini, na klorini huua bakteria unaowahitaji. Yaache kwenye beseni wazi, juani, kwa siku mbili, ukiyakoroga kila unapopita.

Maji ya kisima cha kuchimbwa kwa mashine yana jambo lake, na wengi hulikosa. Kidimbwi hiki hupoteza lita 1 hadi 1.5 kwa siku kwa jua na upepo wakati wa kiangazi. Kinachopaa ni maji peke yake, chumvi hubaki. Ukijazia lita 10 za kisima kila wiki, kwa wiki nane umeingiza chumvi ya lita 80, zaidi ya kidimbwi chote, na hakuna hata chembe iliyotoka. Mimea huanza kuungua ncha za majani na mwenyewe hudhani ni ugonjwa. Kama huna budi kutumia kisima, basi kila wiki chota pia maji ya zamani uyatoe, usijazie tu.

Udongo na mimea

Chini weka sentimita 8 za udongo mwekundu, ule wa pande za Karen na Kikuyu, uliochekechwa kuondoa mizizi. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa upande wa Embakasi haufai: chembe zake huning'inia majini kwa wiki nyingi na mwanga haufiki chini. Juu ya udongo tandaza sentimita 3 za changarawe iliyooshwa mpaka maji yake yawe safi. Usitie samadi hata konzi moja. Samadi mbichi ikioza chini ya maji hunyonya oksijeni yote, kisha mwani hulipuka.

Weka sahani juu ya changarawe, umimine maji polepole juu ya sahani, uiinue kadiri maji yanavyopanda. Ukimimina moja kwa moja utakuwa umepika uji.

Mimea ni ya aina tatu, na kila moja ina kazi yake. Wa kwanza ni nduma. Nunua sokoni kichwa chenye chipukizi, ukipande kwenye chungu cha lita 5 chenye udongo mwekundu na mchanga juu, ukiweke juu ya matofali ili ukingo wa chungu uwe sentimita 5 chini ya maji. Nduma hula sana, na majani yake hutoa kivuli. Wa pili ni mmea wa kuzama wenye majani membamba kama mkia wa paka, unaouzwa na wauzaji wa samaki wa mapambo. Vishada vitano vinatosha. Wa tatu ni vile vijani vinavyoelea, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ndengu. Weka konzi moja, na usiruhusu vifunike zaidi ya nusu ya uso.

Mimea yote iliyonunuliwa ikae wiki nzima kwenye ndoo ya pekee. Kagua chini ya majani. Ukiona vidonge vya utelezi kama jeli, hayo ni mayai ya konokono, yakwangue. Usilete konokono, matope wala mimea kutoka mtoni au bwawani, kwa sababu kuna konokono wa maji wanaobeba kichocho.

Wiki sita za kusubiri

Wiki ya kwanza maji huwa na ukungu kisha hutulia. Kuanzia wiki ya pili utaona utando wa kahawia wenye kuteleza ukutani. Usiusugue! Ndani yake wamo bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwenye mavi ya samaki na vitu vinavyooza, kuwa nitriti, na wenzao wanaogeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ndiyo chakula cha mimea. Jamii hiyo huchukua wiki nne hadi sita kukamilika, na wakati wa baridi huchelewa zaidi. Konzi ya changarawe kutoka tangi la samaki lililokomaa huharakisha kazi.

Katika muda huo hakuna wa kula viluwiluwi vya mbu, na mbu hutimia kutoka yai hadi kuruka kwa wiki moja au mbili tu. Funika pipa kwa chandarua kikuukuu, ukikaze ukingoni kwa mpira wa tyubu. Chandarua kisiguse maji.

Siku yenye jua, saa sita mchana, chuchumaa utazame ule mmea wa kuzama kwa karibu. Kwenye ncha za majani utaona viputo vidogo kuliko kichwa cha pini, kimoja kinajishika, kinanenepa, kinaachia na kupanda, kingine kinachukua nafasi yake. Hiyo ni oksijeni. Kidimbwi kisichoonyesha viputo hivyo saa sita bado hakijawa tayari kwa samaki.

Samaki

Wanne, wasizidi. Gapi madume, wale samaki wadogo wa mapambo, ndio wanaofaa: wana mikia ya rangi, wanakula viluwiluwi, na bila majike hawatajaza pipa. Perege ni wa mabwawa, humu atadumaa.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi husukuma oksijeni kidogo majini. Maji ya nyuzi 20 hapa hushika takriban miligramu 7.5 kwa lita, wakati Mombasa maji ya joto hilohilo yangeshika karibu 9. Ushauri wowote wa idadi ya samaki ulioandikwa kwa watu wa pwani upunguze kwa sehemu moja kwa tano.

Acha mfuko wa samaki uelee juu ya maji dakika 20, kisha kila dakika tano tia kikombe cha maji ya kidimbwi ndani ya mfuko, mara nne, ndipo uwatoe kwa wavu. Siku hiyo ondoa chandarua. Kereng'ende wataanza kuja kutaga, na watoto wao wanaoishi majini ni wawindaji wakali wa viluwiluwi, waache.

Wiki ya kwanza usilishe kabisa. Baadaye, chembe zinazoshikika kwa ncha za vidole viwili, mara mbili kwa wiki, na kisichoisha kwa dakika mbili kichotwe. Julai maji yakishuka chini ya nyuzi 18 samaki huzubaa. Acha kulisha, na zungushia pipa gunia usiku. Ukitaka kuepuka shida hiyo mwaka wa kwanza, anza Agosti mwishoni. Samaki wataingia Oktoba, joto limerudi na mvua za vuli zinakaribia.

Ukaguzi wa alfajiri

Usiku mimea haitengenezi oksijeni. Inaivuta, sawa na samaki na bakteria. Kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa kati ya saa 11 na saa 12 na nusu, kabla jua halijachomoza, na kidimbwi kinachopendeza saa nne asubuhi huenda kilikuwa taabani saa 12. Mara moja kwa wiki amka uende na tochi. Samaki wakiwa chini au katikati, mambo ni sawa. Wakiwa juu wote, midomo ikipapasa hewa, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka urefu wa kiuno, mara 30 hivi. Asubuhi hiyo punguza vijani vinavyoelea, toa majani yaliyooza, na usilishe siku kumi.

Maji yakigeuka kijani kibichi, tumbukiza kijiko cheupe. Kikipotea kabla ya sentimita 20, mwani umezidi kwa sababu kuna mwanga na virutubisho vingi kuliko mimea inavyoweza kula. Usimwage maji yote. Utawaua bakteria na kuanza upya na tatizo lilelile. Ongeza kivuli, ongeza vijani vinavyoelea, acha kulisha, subiri wiki tatu. Ukisikia harufu ya mayai viza, tope la chini limekosa hewa: usilikoroge, chomoa tu kinachooza juu yake.

Kila wiki chota lita 7 na umwagilie sukuma wiki, kisha jaza maji ya mvua. Nitreti ambayo nduma haikumaliza ndiyo unayoipeleka shambani, na sukuma huonyesha kwa rangi ya majani.

Vijani vilivyozidi vitie kwenye mboji au uwape kuku. Mmea au samaki wa kidimbwi hiki asifike kwenye mtaro wala mtoni, na gugu maji usilikaribishe hata kwa maua yake: Bwawa la Nairobi, kati ya Kibera na Lang'ata, lilizibwa nalo likawa kama malisho, na chini ya zulia lile mwanga ulikuwa hauingii.