Jinsi ya kumpima konokono anavyozoea mshtuko, hatua kwa hatua

Wengi wakitaka kuona viumbe wanavyomudu mazingira yao huwaza simba na swala. Mimi humwanzisha mwanafunzi kwa konokono wa nchi kavu. Hakimbii, hang'ati, na unawahi kuandika alichofanya kabla hajafanya kingine.

Tafuta kipande cha kioo, ubao mdogo, kokoto lenye ukubwa wa harage, rula, saa yenye sekunde, daftari na unyasi laini.

Hatua ya 1: Mtafute penye unyevu. Mvua ikikatika au jua likizama, inua majani yaliyooza na mawe. Aliyeganda mahali usimbandue kwa nguvu. Mnyunyizie maji, atajiachia mwenyewe. Ukishamshika nawa mikono kwa sabuni, maana baadhi ya konokono hubeba minyoo inayoweza kumdhuru binadamu.

Hatua ya 2: Mtazame kwa chini. Mweke juu ya kioo kilicholowa, kisha kiinue usawa wa macho. Utaona mistari ya kivuli ikipita kwenye wayo wake, kutoka mkiani kwenda kichwani, mmoja baada ya mwingine. Ni misuli inayojikunja na kujikunjua juu ya ute. Hapa hakuna cha kupima, lakini mimi sijawahi kuiruka hatua hii.

Hatua ya 3: Mshtue kwa kipimo. Mhamishie ubaoni, usubiri pembe zote nne zitoke. Mbili ndefu zina macho nchani; mbili fupi za chini ni za kunusa na kupapasa. Dondosha kokoto kutoka sentimita 10, pembeni yake na si juu yake, kila baada ya sekunde 10. Andika 2 pembe zikiingia zote, 1 zikinywea kidogo, 0 zisipotikisika. Usiandike "ameogopa". Hofu hukuiona, umeona pembe.

Kwa nini kokoto na si kidole? Mara ya kwanza niligonga kwa penseli. Kadiri konokono alivyopunguza kuitikia, ndivyo mkono wangu ulivyozidisha nguvu bila mimi kujijua. Kurasa tatu za daftari zikawa hazina maana.

Hatua ya 4: Hakikisha kweli amezoea. Ukipata 0 tatu mfululizo, mkono utawasha kuandika "amezoea". Subiri kwanza. Huenda misuli imechoka tu. Mguse pembe kwa ncha ya unyasi, polepole. Zikinywea mara moja, misuli iko sawa, basi uchovu si jibu. Dondosha kokoto tena papo hapo: mara nyingi utaona 2 au 1 imerudi, kana kwamba ule mguso umemwamsha upya. Kisha mwache nusu saa bila bughudha, urudie zoezi zima.

Kuzoea huku kuna faida. Konokono anayejificha kwa kila tone la mvua linalodondoka kwenye jani hapati muda wa kula.

Hatua ya 5: Tenga alichozoea na alichozaliwa nacho. Hapa ndipo madaftari mengi huharibika. Wakati wa ukame tafuta konokono aliyejibandika ukutani au kwenye shina. Mdomo wa ganda utaukuta umezibwa na utando mwembamba kama karatasi. Ni ute uliokauka, unaomwokoa asipoteze maji. Huo hakufundishwa, wala hakuubuni baada ya kuona jua kali. Katika vizazi vingi, waliozaliwa na uwezo wa kujiziba hivyo walivuka ukame wakazaa, wengine wakapungua. Kuzoea kokoto ni kwa dakika chache, na watoto wake hawatarithi kuzoea huko.

Ukikwama namna ya kueleza, tumia maswali manne aliyoyapanga Niko Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama, mwaka 1963: tabia inaendeshwa na nini mwilini, inakuaje tangu utotoni, inamsaidia nini kiumbe, na imetokana na nini katika historia ya ukoo wake. Jibu moja halizibi pengo la jingine.

Hatua ya 6: Rudia kwa konokono watano au zaidi. Tia alama ndogo ya penseli kwenye ganda usiwachanganye, na jioni mrudishe kila mmoja kivulini ulikomtoa. Hawafanani hata kidogo. Mmoja wangu hakutoa hata pembe moja. Nikaandika vilevile: "Dakika 60. Hakutoka."