Namna ya Kupima Dai Kabla ya Kulikubali

Hakuna mtu anayekumbuka siku aliyozaliwa, wala hakuna anayeihesabu tarehe hiyo kuwa ni maoni yake. Ameipokea kwa mama yake, kwa jamaa waliokuwapo na kwa cheti kilichoandikwa wakati ule, naye huitumia maisha yake yote bila wasiwasi. Hivyo ndivyo tulivyopata sehemu kubwa ya maarifa tuliyo nayo: kwa kuambiwa. Basi mwenye kutaka kutenganisha ukweli na maoni asianze kwa kuapa kwamba hataamini ila alichokiona kwa macho yake, maana kwa kiapo hicho hataweza kuishi hata siku moja. Aanze kwa kujifunza kupima anachoambiwa.

Kwanza, litenge dai na maneno yanayolizunguka. Msemaji mmoja, kwa pumzi moja, huweza kueleza kwamba dawa fulani inashusha homa, kwamba bei yake imezidi, na kwamba baada ya muda mfupi madaktari wataiacha. La kwanza ni dai kuhusu jambo lililopo, nalo hupimwa kwa kuwalinganisha wagonjwa waliopewa dawa hiyo na wenzao ambao hawakupewa. La pili lina sehemu mbili: bei yenyewe yajulikana, lakini kusema kwamba imezidi ni hukumu inayotegemea kipato cha mnunuzi na mambo anayoyathamini. La tatu ni utabiri, ambao hauwezi kuthibitishwa mpaka siku yake ifike, ingawa waweza kuwa na msingi imara au usiwe nao kabisa. Ukishazitenga sehemu hizi utaona kwamba wabishi wengi wanakubaliana juu ya la kwanza na wanagombania la pili, wala wenyewe hawajui.

Hapa inafaa kujihadhari na mtu anayetanguliza maneno "kwa maoni yangu" akidhani kwamba amekwisha kujivua wajibu wa kutoa ushahidi. Anayesema kwamba kwa maoni yake Jua linaizunguka Dunia hajatoa maoni hata kidogo. Ametoa dai lisilo la kweli kwa sauti ya upole. Na kinyume chake pia hutokea, pale mtu anapoitangaza hukumu yake kama kwamba ni jambo lililopimwa kwa mizani.

Pili, uliza msemaji amejuaje. Je, aliona mwenyewe, alisikia kwa mwingine, au alikisia kutokana na mambo mengine? Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad, akiwamo al-Bukhari aliyefariki mwaka 870, waliukuza uchunguzi wa namna hii hadi ukawa taaluma kamili. Hawakutosheka na maneno yaliyopokewa, bali walidai isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi mmoja baada ya mwingine. Kisha wakachunguza kama wapokezi hao waliishi zama moja na kuweza kukutana, kama kumbukumbu zao ziliaminika, na kama walijulikana kwa uaminifu. Maswali hayo yanafaa kwa habari yoyote. Ukiufuatilia mlolongo, mara nyingi utakuta kwamba watu kumi waliokupa habari ileile wamechota katika kisima kimoja, na kwamba yule wa mwanzo hakuwapo pale jambo lilipotokea. Mashahidi kumi wa namna hiyo ni shahidi mmoja tu, tena dhaifu.

Kurudiwarudiwa kwa jambo kusikudanganye. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino, waliwapa wanafunzi wa chuo sentensi za maarifa ya kawaida, nyingine za kweli na nyingine za uongo, katika vikao vilivyopishana kwa wiki kadhaa. Sentensi zilizorudiwa zilizidi kuonekana za kweli kikao hadi kikao, hata zile za uongo. Wenye kusema "lisemwalo lipo, na kama halipo laja" wameeleza vizuri jinsi uvumi unavyojipatia nguvu, lakini maneno hayo hayafai kuwa kipimo.

Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi: hata ulichokiona mwenyewe kinahitaji kupimwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye aliulizwa hesabu na kuzijibu kwa kugonga chini kwa kwato. Ukimwuliza saba na tano ni ngapi, aligonga mara kumi na mbili na kuacha. Mwaka 1904 jopo la wachunguzi lilimtazama na halikuona udanganyifu wowote. Na kweli von Osten hakuwa mdanganyifu. Kisha mwanasaikolojia Oskar Pfungst alibadilisha kitu kimoja baada ya kingine. Alipopanga kwamba mwenye kuuliza naye asilijue jibu, Hans alishindwa. Alipomzuia farasi asimwone mwulizaji, alishindwa vilevile. Pfungst alitambua kwamba mwulizaji, bila kujijua, huinama kidogo anapoanza kuhesabu mapigo ya kwato na kuinua kichwa kwa kiasi kidogo mno idadi sahihi inapofika, na kwamba farasi aliacha kugonga kwa kuliona tendo hilo. Watazamaji wote walikuwa wameona sawasawa. Kilichokosewa ni maelezo ya walichokiona. Kwa hiyo, unapoona jambo la ajabu, andika kwanza kilichotokea, kisha mahali pengine uandike unavyokieleza, na uulize ni kitu gani kingine kingeweza kuleta matokeo yaleyale.

Nne, litafutie dai lako mahali litakapovunjika. Mwaka 1960 Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliwapa watu namba tatu, 2, 4 na 6, akawaambia kwamba zinafuata kanuni fulani ambayo wangeweza kuigundua kwa kupendekeza namba nyingine tatutatu. Wengi walifikiri kwamba kanuni ni kuongeza mbili. Wakajaribu 8, 10, 12, wakaambiwa zinafuata. Wakajaribu 20, 22, 24, wakaambiwa zinafuata. Wakatangaza jibu lao kwa uhakika, na halikuwa jibu. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Aliyejaribu 1, 2, 3 angeambiwa kwamba zinafuata, na papo hapo dhana ya kuongeza mbili ingeanguka. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, nayo ndiyo chungu kuliko zote, kwa sababu inakutaka uutafute kwa bidii ushahidi usioutamani. Dai ambalo mwenyewe hawezi kutaja hata jambo moja ambalo, likitokea, litamfanya aliache, bado halijafikia kupimwa.

Kuhusu wataalamu maneno machache yanatosha. Mtu asiye na ujuzi wa fani hufanya vyema kuufuata msimamo wa wengi wa wanaoijua, hasa pale wanapofikia jambo lilelile kwa njia tofauti. Wapo wanaolipinga hilo kwa kutaja kisa cha daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna, aliyewaagiza madaktari mwaka 1847 wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wanawake wanaojifungua, akapingwa na wenzake wengi, na baadaye ikadhihirika kwamba alikuwa sahihi. Lakini kupingwa siko kulikomfanya Semmelweis awe sahihi. Alikuwa sahihi kwa sababu vifo katika wodi yake vilipungua sana, na takwimu hizo angeweza kuzikagua yeyote. Anayejilinganisha naye aulizwe takwimu zake ziko wapi.

Maoni nayo yana mizani yake, hata kama si ile ya ushahidi. Mwenye kuhukumu kwamba sheria fulani si ya haki anapaswa kutoa sababu, kujenga juu ya mambo yaliyo kweli, na kutumia kipimo hichohicho inapomgusa yeye au rafiki yake. Hukumu inayogeuka kila mhusika anapobadilika ina thamani ndogo, hata isemwe kwa ufasaha namna gani.

Baada ya yote haya, jambo lisilokatika libaki katika daraja lake. Sema kwamba una yakini, kwamba inaelekea kuwa hivyo, au kwamba hujui, na utumie kila neno mahali pake. Likiwa jambo zito, andika tarehe, dai lenyewe, kiasi unacholiamini, na ushahidi ambao ungekufanya ubadili rai. Halafu taarifa mpya inapokuja, soma ulichoandika kabla ya kuisoma taarifa hiyo.