Kupandikiza kiinitete pale katheta inapogoma kupita

Katheta ni mrija mwembamba unaopeleka kiinitete, yaani mimba changa iliyotungwa maabara, ndani ya kizazi. Ugumu wa mlango wa kizazi ujulikane kabla kiinitete hakijatoka inkubeta, kifaa cha maabara kinachokitunza. Ukiugundua siku ile ile, umeshachelewa.

Hatua ya 1: Jaribu kwa katheta tupu katika mzunguko wa hedhi wa kabla ya ule wa kupandikiza. Andika kizazi kimelala mbele au nyuma, njia ina sentimita ngapi, na katheta ilikwama wapi. Mgonjwa wa Ukerewe mfanyie siku ya vipimo vingine, asivuke ziwa mara mbili. Mlango uliosinyaa kwa kovu upanuliwe wiki kadhaa kabla. Ukiupanua siku mbili kabla ya kupandikiza unaharibu matokeo.

Hatua ya 2: Kibofu kilichojaa kiasi hunyoosha kizazi kilicholala mbele na kusafisha picha ya ultrasaundi ya tumbo. Anayekuja kwa meli kutoka Nansio, bandari ya Ukerewe, asinywe maji mengi njiani. Mpe nusu lita akishafika, saa moja kabla.

Hatua ya 3: Weka spekulamu, kifaa cha kufungua uke, pangusa ute taratibu. Usisugue, damu itatoka.

Hatua ya 4: Hapa ndipo kazi ilipo. Ingiza gamba la nje la katheta peke yake, bila katheta laini ya ndani, ukitazama skrini ya ultrasaundi. Likikwama kwenye mlango wa ndani, pale shingo ya kizazi inapoingia kwenye kizazi, usisukume: ncha hujikunja ndani ya shingo hiyo, nawe utadhani inasonga. Rudi nyuma milimita chache, legeza spekulamu kidogo ili shingo ibadili pembe, likunje gamba lifuate mkunjo wa kizazi, kisha lizungushe polepole. Likigoma bado, tumia waya wa ndani wa kulikaza, lakini uishie pale pale unapovuka mlango. Koleo la kushika shingo liwe la mwisho kabisa, maana huamsha mikazo, na mikazo inaweza kukitoa kiinitete mahali pake.

Hatua ya 5: Gamba likishavuka, ndipo maabara walete kiinitete kwenye katheta laini. Umeme ukikatika, jenereta ishike kwanza. Ncha ikae sentimita 1 hadi 2 kutoka dari ya kizazi. Sukuma polepole, na usiachie bomba la sindano unapotoa katheta. Ukiliachia, linakivuta kiinitete kurudi. Maabara waikague katheta kwa darubini. Kikiwa kimebaki, kipakiwe upya papo hapo.

Njia ikikataa kabisa, kigandishe kiinitete, mpange mgonjwa upya.

Ukimaliza, mwache mama akakojoe. Kulala kitandani hakuongezi nafasi ya mimba, na kiinitete hakidondoki akisimama. Mwambie hivyo waziwazi kabla hajauliza.