Namna ya kuongoza mjadala wa riwaya inayogawa wasomaji: uzoefu wa baraza moja la Ujiji

Ni vigumu kupata riwaya inayowagawa wasomaji kama ile ya Mbrazili Paulo Coelho, iliyotoka kwa Kireno mwaka 1988 kwa jina la O Alquimista, na ambayo huku kwetu husomwa zaidi katika tafsiri yake ya Kiingereza, The Alchemist. Mmoja atakuambia kwamba ilimnyanyua alipokuwa amekata tamaa. Mwenzake, aliyeazima nakala ileile, atakuambia kuwa ni mawaidha yaliyovishwa kanzu ya hadithi. Nimeongoza mazungumzo juu yake mara kadhaa hapa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, barazani, baada ya swala ya isha, na mara ya kwanza nilifanya kosa ambalo ningependa wewe usilirudie: nilianza kwa kuuliza nani ameipenda na nani hakuipenda. Haikupita robo saa watu wakawa wamejipanga kama mashabiki wa Simba na Yanga, na tangu hapo hakuna aliyekuwa tayari kukiri kwamba upande wa pili una hoja hata moja.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba wanaoisifu na wanaoiponda riwaya hii mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja anaipima kama kazi ya sanaa, wa pili anaipima kama ushauri wa maisha, na wa tatu anaipima kama mafundisho ya imani. Kazi ya kiongozi ni kuhakikisha kwamba kila hoja inajulikana imetoka katika kipimo kipi, kisha kuirudisha kitabuni ili ionekane inasimama wapi.

Maandalizi

Panga kikao kwa kufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hufanya kazi kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapowaka samaki hawavutwi na taa, hivyo wengi hubaki nchi kavu. Ukiweka kikao katika siku hizo utawapata watu ambao vinginevyo usingewaona kamwe katika mazungumzo ya vitabu, na utakuja kuona hapa chini kwa nini sauti yao inahitajika. Watu 8 hadi 12 wanatosha. Riwaya yenyewe ni fupi, haifiki kurasa 200 katika chapa nyingi, kwa hiyo nakala 3 zikizungushwa kwa mwezi mmoja zinaweza kulimaliza kundi zima, ilimradi kila anayeazima aandikwe daftarini. Kwa wasiosoma Kiingereza, chagua sehemu nne au tano uzisome kwa sauti huku ukitafsiri.

Anza kikao kwa kusimulia kisa kwa ufupi, hata kama wote wamesoma, ili mabishano yasije yakawa juu ya matukio. Santiago, mchungaji kijana wa Andalusia, kusini mwa Hispania, anaota mara mbili kwamba kuna hazina karibu na mapiramidi ya Misri. Anakutana na mzee anayejitambulisha kuwa Melkizedeki, mfalme wa Salemu, anawauza kondoo wake, anavuka hadi Tangier, Moroko, na siku hiyohiyo anaibiwa fedha zote. Anafanya kazi karibu mwaka mzima katika duka la vyombo vya kioo, anajiunga na msafara wa jangwani, anampenda Fatima katika chemchemi ya Al-Fayoum, anafundishwa na mwanaalkemia, yaani mjuzi wa kugeuza madini kuwa dhahabu, na hatimaye anafika kwenye mapiramidi, ambako anapigwa na kunyang'anywa. Mmoja wa waliompiga anamcheka na kumweleza kwamba yeye pia aliwahi kuota hazina, nayo ilikuwa Hispania, chini ya mkuyu katika kanisa lililobomoka. Ni kanisa lilelile ambamo Santiago alikuwa akilala na kondoo wake mwanzoni mwa kitabu.

Maneno kwanza

Kabla ya hoja yoyote, kubalianeni juu ya tafsiri ya neno moja ambalo riwaya nzima imening'inia juu yake. Mwandishi anasema kila mtu ana lenda pessoal yake, ambayo kwa tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa hekaya ya mtu binafsi, yaani lile jambo ambalo mtu amelitamani tangu ujana wake na ambalo maisha yake yanapaswa kulielekea. Katika kikao chetu cha pili niliitafsiri kwa neno "wito", na papo hapo Wakristo waliokuwepo wakaanza kufikiria upadri na utawa. Mwalimu mmoja wa madrasa alipendekeza "kadari", na Waislamu wakaona mwandishi anajipinga, kwa sababu kilichokwisha kadiriwa hakihitaji mtu auze kondoo ili kitimie. Kijana wa bodaboda akasema "malengo", na riwaya yote ikashuka ikawa semina ya ujasiriamali. Nusu ya ugomvi wetu, kwa kweli, tuliutengeneza wenyewe kwa tafsiri. Siku hizi ninaandika maneno yote matatu kwenye karatasi kubwa, ninaeleza kila moja linaongeza nini na linapunguza nini, kisha tunalitumia neno la Kireno kama lilivyo hadi mwisho wa kikao.

Neno jingine halina taabu hiyo, bali lina utamu. Mfanyabiashara wa vyombo vya kioo anamfundisha Santiago kusema maktub, yaani imeandikwa. Msomaji wa Kiswahili analijua shina hilo tangu darasa la kwanza: ndilo lililotupa kitabu, maktaba, katibu na katiba. Waulize wenzako kama kitu kilichoandikwa kinaweza kufutwa, na uwaache waongee.

Kipimo cha sanaa

Hapa wapinzani wa riwaya wana nguvu zaidi, na sioni sababu ya kuwaficha. Wanafunzi wa fasihi watasema kwamba wahusika wake ni bapa, yaani hawana undani wala hawabadiliki, kwamba karibu kila anayekutana na Santiago anazungumza kwa sauti ileile ya hekima, na kwamba funzo linarudiwa hadi linachosha. Waombe waonyeshe ukurasa. Baada ya hapo wakumbushe watetezi kwamba mhusika bapa ni kasoro katika riwaya ya uhalisia, lakini katika ngano na istiara ndiyo kawaida. Hakuna anayelalamika kwamba Sungura wa hadithi zetu hana utoto wala mashaka ya moyoni. Swali linalobaki, na ni swali gumu, ni kama kitabu hiki kinastahili kupimwa kama ngano au kama riwaya.

Wasomaji wa Alfu Lela Ulela watakuwa wamekwisha tambua mwisho wake. Humo mna kisa cha mtu wa Baghdad aliyefilisika, akaota kwamba riziki yake iko Cairo, akaenda, akapigwa na askari, na mkuu wao akamcheka kwa kumsimulia ndoto yake mwenyewe ya hazina iliyofukiwa katika nyumba moja ya Baghdad, ambayo ilikuwa nyumba ya yule aliyepigwa. Mshairi Rumi naye alikisimulia katika utenzi wake wa Mathnawi karne ya 13. Mtu akisema kwamba mwandishi ameiba, usimkatalie haraka wala usimkubalie. Muulize ni kitu gani kimeongezwa kati ya ndoto ya kwanza na hazina. Wahenga wetu walikimaliza kisa hicho kwa maneno machache: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Kipimo cha ushauri

Hapa ndipo wavuvi wanapohitajika. Sentensi inayojulikana kuliko zote katika riwaya hii inadai kwamba mtu akitaka jambo kwa dhati, ulimwengu mzima hushirikiana kumsaidia alipate. Kwa msomaji mwenye mshahara maneno hayo ni faraja. Kwa mtu ambaye mwaka 2024 alikaa miezi 3 bila kuingiza mtumbwi majini kwa sababu ziwa lilifungwa ili samaki wazaliane, maneno hayohayo yanaweza kusikika kama lawama, kana kwamba watoto wake walikula mlo mmoja kwa sababu yeye hakutamani vya kutosha. Mvuvi mmoja alilisema hilo barazani kwetu kwa upole sana, na mwalimu wa sekondari aliyekuwa ameitetea riwaya kwa saa nzima akanyamaza.

Usikiache kikao kikaishia kwenye ukimya huo, kwa sababu kitabu kina mengi zaidi ya sentensi yake maarufu. Wapeleke kwa mwenye duka la vyombo vya kioo, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu hai kuliko wote katika riwaya, kumzidi hata mwanaalkemia ambaye kitabu kimepewa jina lake. Mzee huyu ametimiza nguzo nne za dini yake na anatamani ya tano, kwenda Makka. Duka linapostawi na fedha kupatikana, anakiri kwamba hataenda, kwa kuwa wazo la Makka ndilo linalomwezesha kuamka kila asubuhi, na anaogopa kwamba akishafika hatabaki na sababu ya kuishi. Soma sehemu hiyo polepole. Baadaye wasomee maelezo ya mwendesha ngamia, ambaye alikuwa na shamba la matunda, akaenda kuhiji na familia yake katika mwaka wa mavuno mema, halafu ardhi ikatetemeka, Nili ikafurika, na shamba likapotea; naye anasema tukio hilo lilimfundisha kutoogopa asiyoyajua. Mmoja hakwenda na akabaki na mali. Mwingine alikwenda na baadaye akapoteza alichokuwa nacho. Ukiwaweka watu hawa wawili bega kwa bega, ile kauli ya ulimwengu kushirikiana na mtu inapoteza wepesi wake, na hata anayeichukia riwaya huanza kuzungumza kuhusu baba yake, au kuhusu nafsi yake.

Fatima atazusha mabishano ya namna nyingine. Yeye anakubali kusubiri, kwa maelezo kwamba wanawake wa jangwani wanajua kuwangoja wanaume wao. Wapo watakaoona humo mapenzi yasiyofunga mtu kamba. Wanawake wa hapa, ambao wengi wao wameona mume akivuka ziwa kwenda Kongo kutafuta maisha na kurudi baada ya miaka, au asirudi, huuliza kwa nini lenda pessoal ya Fatima ni Santiago, ilhali ya Santiago si Fatima. Sijapata kusikia jibu la kuridhisha, na kiongozi asijisumbue kulitengeneza.

Kipimo cha imani

Pita hapa kwa uangalifu na kwa haraka kiasi. Wakristo watamkumbuka Melkizedeki wa Mwanzo 14, aliyembariki Abramu na kupewa zaka, na wataona kwamba katika riwaya naye anadai sehemu ya kumi ya kondoo na kumpa kijana mawe mawili, Urimu na Thumimu, yanayotajwa katika Kutoka 28. Baadhi wataona ni heshima kwa Maandiko, wengine wataona ni kuyachezea. Waislamu watauliza kuhusu ile Roho ya Ulimwengu ambayo mwandishi anaitaja mara kwa mara, na kama inamwachia Muumba nafasi yake. Kubali swali liulizwe, omba kila upande ueleze imani yake bila kuihukumu ya jirani, kisha rudi kwenye hadithi. Baraza la vitabu haliwezi kutoa fatwa, na likijaribu halitakutana tena.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wa kwingine hawaligusi, nalo kwetu haliepukiki. Katika riwaya msafara ni shule: jangwa linafundisha, ngamia wanafundisha, ukimya unafundisha. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na waliotembea njia hiyo katika karne ya 19 walikuwa pia wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani na watu waliofungwa minyororo. Neno msafara linapotamkwa chini ya miembe ya mji huu, lina uzito ambao mwandishi hakuupanga. Acha mzee mmoja alizungumzie kabla ya vijana hawajaendelea na falsafa ya safari.

Kufunga kikao

Usipige kura. Mpe kila mtu kipande cha karatasi aandike mahali pamoja katika kitabu ambapo maoni yake yalitikisika, pamoja na sababu, na asiyeandika amwambie jirani yake amwandikie. Kwa kikao kinachofuata, mimi huwapa Nagona ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1990 ambayo nayo ni safari ya kutafuta ukweli, lakini haimshiki msomaji mkono hata kidogo; waliolalamika kwamba Coelho ni rahisi mno ndio huwa wa kwanza kurudi wakilalamika kwamba Kezilahabi ni mgumu mno. Kusanya nakala kabla watu hawajasimama kuaga. Safari iliyopita nilisahau, na moja ya nakala 3 ilipanda boti kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa.