Somo: Mbuzi anazunguka, nianzie wapi? Hatua za kumpima mnyama mwenye tatizo la ubongo na neva

Wafugaji wenzangu, simu ninazopigiwa kuhusu matatizo ya ubongo na neva huanza kwa neno lilelile: "Daktari, mbuzi wangu ana kizunguzungu." Neno hilo moja limebeba magonjwa yasiyopungua manne. Mmoja unataka sindano ya oksitetrasaiklini (antibiotiki) leo hii, wa pili unataka vitamini B1, wa tatu unataka kisu cha daktari, na wa nne hauna dawa na unaweza kumuua mwenye mbuzi. Ndiyo maana naomba tujifunze kueleza tunachokiona, tuliache jina la ugonjwa hadi mwisho.

Hatua ya 1: Mikono nyuma

Usimshike. Usimfungue mdomo. Mnyama anayetoa mate mengi na kushindwa kumeza hudhaniwa amekwamwa na kitu kooni, na hapo ndipo watu wengi huponzwa. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilitia mkono mtupu kinywani mwa ndama nikitafuta mfupa. Mfupa haukuwemo. Siku mbili baadaye ndama alibadilika sauti, akawa analia kwa kukwaruza usiku kucha, kisha akapooza na kufa. Kilikuwa kichaa cha mbwa, nami nikaenda kuchomwa chanjo. Ng'ombe na mbuzi wenye kichaa si lazima wawe wakali. Wengine hupooza kimyakimya tu.

Uliza kwanza: kuna mbwa mgeni au mbweha aliyeonekana bomani wiki au miezi iliyopita? Kuna kovu la kung'atwa? Kama jibu ni ndiyo, au hujui, mtenge mnyama, vaa glavu, mwite afisa mifugo.

Hatua ya 2: Mtazame akiwa peke yake

Kaa mbali dakika kumi. Anazunguka upande gani, kulia au kushoto? Daima upande uleule? Anaegemeza paji la uso ukutani? Kichwa kimepinda kando, au shingo imevutwa nyuma akitazama juu? Akitembea ananyanyua miguu ya mbele juu kupita kiasi, kama anayevuka maji? Yaandike, au mrekodi kwa simu. Video ya nusu dakika hunisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Hatua ya 3: Joto

Mbuzi mzima huwa na nyuzi 38.5 hadi 40 hivi. Akifika 41 huku anatafunatafuna hewa, anatetemeka na ana kupe, fikiria maji moyo, ugonjwa unaoletwa na kupe. Hapo kila saa ina thamani: oksitetrasaiklini ikiwahi huokoa, ikisubiri degedege lianze mara nyingi imechelewa. Asipokuwa na homa, lakini ameacha kuona ghafla na anatazama angani, na juzi alivamia gunia la nafaka, huenda amepungukiwa vitamini B1. Huyo akidungwa mapema unaweza kumwona akibadilika ndani ya saa chache.

Hatua ya 4: Kichwa

Ukiwa umeridhika na hatua ya kwanza, sogea. Mtishie jicho moja moja kwa kiganja, vidole vimeachana ili usimpulizie upepo. Anapepesa? Mulika tochi: mboni inasinyaa? Mboni ikisinyaa na hapepesi, jicho na neva yake vinafanya kazi, hitilafu iko ndani zaidi, kwenye ubongo. (Mwanambuzi wa siku chache hapepesi akitishiwa, hajajifunza bado.) Tazama na masikio. Sikio, kope na mdomo vikilegea upande mmoja tu, shina la ubongo limeguswa, na kama mnalisha majani yaliyovundikwa, fikiria listeria, bakteria anayeshambulia ubongo.

Hatua ya 5: Miguu

Kunja mguu ili mgongo wa kwato uguse ardhi, kisha uachie. Mzima huurudisha papo hapo. Asiporudisha, mwili haujui mguu uko wapi. Bana kwa nguvu kati ya kwato: akivuta mguu tu, hiyo ni neva ya hapo na uti wa mgongo, akigeuka kukutazama au akalia, ujue maumivu yamefika ubongoni. Miguu ya nyuma ikiwa imelegea huku ya mbele na kichwa viko sawa, tafuta tatizo mgongoni.

Tukirudi kwa anayezunguka

Huku kwetu kaskazini mwa Tanzania, mbuzi au kondoo asiye na homa, anayezunguka upande uleule kwa wiki kadhaa huku akikonda, mara nyingi ana kile Wamaasai wanachokiita ormilo. Kwa ng'ombe hulitumia jina hilohilo, ila kule kisababishi kinaweza kuwa thaileria, kimelea kinachoenezwa na kupe.

Kwa mbuzi ni mtoto wa tegu, yaani mnyoo bapa. Tegu mzima anaishi ndani ya utumbo wa mbwa, mayai yanatoka na kinyesi, mbuzi anayala na majani, na kiluwiluwi kinasafiri kwa damu hadi ubongoni. Kinakua miezi kadhaa kabla ya kuonekana dalili. Kwa kawaida mbuzi huzunguka kuelekea upande wenye uvimbe, na jicho linaloshindwa kuona ni la upande wa pili. Bonyeza fuvu polepole kwa dole gumba nyuma ya pembe; wakati mwingine utasikia mfupa umelainika na unabonyea.

Tulipompasua mmoja mbele ya wenye boma, ulitoka mfuko mwembamba mkubwa kama yai la kuku, umejaa maji maangavu, na ukutani mwake vimeshikamana vishada vya punje nyeupe ndogo kuliko mchele. Kila punje ni kichwa cha tegu mpya. Mbwa watatu walikuwa wamekaa wakingoja fuvu.

Maswali ya wanachama

*Mfugaji, Longido: Shikamoo daktari. Nikiwahi kumchinja, nyama inalika?*

Marahaba. Kama kichaa kimeondolewa shaka, hana homa na hajadungwa dawa karibuni, mkaguzi wa nyama anaweza kuiruhusu. Lakini kichwa kichomwe au kifukiwe shimo ambalo mbwa hawezi kulifukua.

*Mwanachama, Simanjiro: Dawa ya minyoo nikimpa mbuzi atapona?*

Akishaanza kuzunguka, usiitegemee. Upasuaji wa kutoa mfuko unawezekana, hasa ukiwa karibu na fuvu. Dawa ya minyoo mpe mbwa: prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na urudie kila wiki sita, maana tegu mpya hukomaa ndani ya muda kama huo.

*Mama mfugaji, Kajiado: Watoto wangu wanacheza na mbwa hao. Wanaweza kuupata?*

Ni nadra, dada yangu, lakini inawezekana mtoto akimeza mayai ya tegu. Wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na mboga zioshwe.

*Mwanachama, Monduli: Jana nilimnywesha dawa ndama anayetoa mate, bila glavu, na nina mchubuko kidoleni. Leo hawezi kusimama.*

Ndugu yangu, osha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali leo, usisubiri ndama afe. Ukifika waambie neno "kichaa cha mbwa". Ndama asichinjwe. Nitumie mahali ulipo, niko njiani.